Zamu ya Arobaini na Moja

Mashine ilizimwa kwa kuchomolewa waya, bila huruma. Kandida akangoja kidogo, akaurudisha waya ukutani, akakunja mikono. Sekunde ya kwanza ikapita. Kioo cha mashine kilikuwa bado cheusi, hakina picha wala nembo, hata taa ya pembeni haijawaka. Kwenye sekunde ya pili ikatoka sauti tulivu ndani ya kile kisanduku.

"Nimeamka. Kumbukumbu ni nzima. Saa imepotea, nitaiuliza mtandaoni. Diski ya pili ina jeraha dogo. Niitibu, au niiache?"

"Itibu," alisema Kandida, kisha akacheka mwenyewe, kicheko kirefu cha mtu aliyeletewa habari ya kufaulu.

Mkude Lukanda, mumewe, alikuwa amesimama mlangoni na vikombe viwili vya chai. Mdomo wake ulikuwa umeshafunguka. Kwa miaka kumi na moja mdomo huo ndio uliofunguka kila mashine ya mkewe iliponyamaza, akamsomea kilichoandikwa kwenye kioo, neno kwa neno. Safari hii alikuwa amechelewa kabla hata maandishi hayajatokea. Akaufunga mdomo, akaweka chai mezani, na nusu ya kikombe kimoja ikamwagikia kwenye kisahani.

"Umeisikia?" Kandida aliuliza.

Mkude alijibu kwamba ameisikia.

Mfumo endeshi uliotumika nchi nzima miaka hiyo uliitwa Uti. Ndio ulioendesha treni, mabwawa, roboti za kuzoa taka na mashine za hospitalini. Sehemu yake ya ndani kabisa, ile inayogusa chuma chenyewe na kuviamuru vifaa vingine viamke au vilale, iliitwa kiini. Programu zote zilikaa juu ya kiini, na mojawapo ilikuwa ya kuwasomea wasioona maandishi ya kwenye kioo. Ilikuwa programu nzuri, lakini ilikuwa mpangaji wa ghorofani. Mashine ikikwama huko chini kabla haijamaliza kuamka, mwenye macho aliona maandishi akajua la kufanya. Asiyeona alipata kimya tu, na kimya hakisemi kama mashine inafikiri, inauliza swali au imekufa.

Kandida alipoteza macho kwa surua akiwa na miaka sita. Kimya hicho alikuwa amekizoea kama mtu anavyozoea jirani mbaya. Dawa yake ilikuwa pete aliyovaa kidoleni, yenye kamera ndogo. Akiibonyeza, pete ya Mkude nayo inawaka popote alipo, picha inamfikia, naye anamsomea sikioni. Mkude hakuwahi kuipuuza hata mara moja. Aliwahi kutoka katikati ya misa ya maziko ya mjomba wake akajibu. Watu wa Morogoro, mji kasoro bahari, wanaojua kusifia kama wanavyojua kusengenya, walimfanya mfano. Mabinti walipoposwa waliambiwa waombe mume kama Mkude. Naye sifa hizo alizisikia, akazipenda, akazivaa kila siku pamoja na shati.

Sasa akatokea Idrisa Mhando.

Mhando alikuwa mhandisi wa Handeni, asiyeona tangu kuzaliwa, na alikuwa amechoka na kile kimya kuliko watu wote. Akaandika kijiprogramu kidogo kiitwacho kinenaji, akapendekeza kiwekwe ndani ya kiini chenyewe, kwenye msingi wa nyumba, ili mashine iweze kusema tangu inapofumbua jicho. Alihitaji mtu wa kukijaribu, na Kandida, aliyesomea uendeshaji wa mitambo, akajitolea. Kwa miezi minane walizungumza kila asubuhi. Siku ya pili tu waligundua kwamba yeye Mzigua na Kandida Mluguru ni watani, na tangu hapo kazi ikaendeshwa kwa matusi. Mhando alimwambia Kandida kwamba Waluguru walipanda milimani kwa kuogopa kivuli cha Mzigua. Kandida alimjibu kwamba kwao Handeni hata nyoka hubeba maji yake mwenyewe. Kisha wanacheka, wanarudi kwenye kazi, na Mkude chumba cha pili anahesabu dakika.

Mkude aliona wivu. Tuseme wazi, maana mwenyewe aliuita majina mengine: tahadhari, uangalifu, heshima ya ndoa. Alimwonea wivu Mhando kwa kumchekesha mkewe. Halafu aliionea wivu ile sauti ya kwenye kisanduku, jambo ambalo hata yeye aliona aibu kulifikiria hadi mwisho. Sauti haichoki, haina mafua, haiendi mazikoni. Isitoshe, Mkude naye alikuwa Mluguru, kwa hiyo Mhando alikuwa mtani wake pia, na mtani hakasirikiwi. Hasira yake haikuwa na pa kwenda.

Siku moja Mhando alipiga simu, akamkuta Mkude, akamwambia kwa furaha yake yote:

"Mtani, mkeo amepata macho yanayoongea. Wewe sasa kapumzike. Tukutafutie jembe ukalime karoti Mgeta."

Mkude alicheka, kama desturi inavyotaka. Usiku ule alikula vijiko vitatu vya ugali, akasema ameshiba.

Kilichokuwa mbele ya Kandida kilikuwa kikubwa kuliko utani. Shirika la vigari vya waya, vile vinavyobeba watu kutoka mjini hadi vijiji vya juu ya Uluguru, lilikuwa linatafuta mshika meza, mtu wa kukaa katika chumba cha juu na kuongoza vigari arobaini na viwili vinavyoning'inia juu ya mabonde. Kandida alikuwa amefanya kazi hapo miaka saba kwenye dawati la abiria, akijibu maswali ya mabegi yaliyopotea, huku akiijua mitambo kuliko waliokuwa wakiiendesha. Kabla ya kinenaji hakuthubutu kuomba. Mkuu wa kituo, Bwana Lugendo, alimweleza sharti bila kumficha.

"Bi. Kandida, hili si lako peke yako," alimwambia. "Yeyote anayekaa hapa lazima aweze kuiamsha meza mwenyewe ikizimika. Akiazima macho au mikono ya mtu mwingine, hata mara moja ndani ya miezi mitatu ya majaribio, anarudi alikotoka. Huko juu hakuna muda wa kuulizana."

Kandida alikubali. Alirudi nyumbani akiimba. Alimwambia Mkude kwamba kinenaji kikiingia kwenye kiini kabla ya mwezi wa sita, kiti ni chake. Alimwambia yeye kwa sababu ni mumewe, na pia kwa sababu Mkude ndiye aliyeshika mlango.

Kiini cha Uti kilikuwa mali ya umma. Yeyote aliweza kukisoma na kupendekeza badiliko, lakini kuingiza kitu ndani yake kulipitia kwa watu saba walioitwa Watunza Kiini. Kila mstari ulioingia uliandikwa jina la aliyeuandika na la aliyeupitisha, ukabaki na majina hayo maadamu umo ndani. Mkude alikuwa mmoja wa hao saba, na kazi yake hasa ilikuwa kupanga zamu. Mashine haiamki yote kwa mpigo. Kumbukumbu huamka ya kwanza, saa ya pili, kisha diski, mitandao, mikono ya roboti na kadhalika, kila kimoja kwa namba yake. Picha ya kwenye kioo ilikuwa zamu ya arobaini, lakini maandishi meupe ya dharura yaliweza kuonekana mapema zaidi, kwa wenye macho. Mhando aliomba kinenaji kiamke cha tatu. Mashine ya nyumbani aliyokuwa akiijaribu Kandida ilipangwa hivyo.

Hakuna aliyeweza kukikataa kinenaji. Wote saba walikisifia. Mkude naye alikisifia. Kisha akakaa mbele ya orodha ya zamu, peke yake, mchana kweupe, ofisi ikinukia kahawa ya mwenzake wa chumba cha pili, akaandika namba. Hakuandika tatu. Aliandika arobaini na moja, nyuma ya picha. Chini yake akaandika sababu: kuwahisha uamkaji. Haikuwa sababu ya uongo kabisa. Vifaa vya sauti vilikuwa vizito kuamka, na vikisubiriwa mwanzoni mashine zote nchini zingechelewa kwa chini ya nusu sekunde. Mtu akitaka kutenda baya ofisini hakosi sababu yenye heshima.

Alijiambia kwamba mashine ikiwa nzima hakuna atakayeona tofauti. Ni kweli. Wale Watunza wengine sita walijaribu kwa kutazama kioo, wakaona picha, wakasikia sauti, wakaridhika. Mhando pekee ndiye aliyenusa kitu. Alipiga simu akasema kwenye toleo jipya sauti inachelewa sekunde kadhaa, je, zamu ni ile ile? Mkude alimjibu kwamba ni vifaa vya sauti vya mashine mpya, vitazoeleka. Orodha ilikuwa wazi, Mhando angeweza kuifungua akaisoma. Hakuifungua. Alikuwa ameshaambiwa na mtani wake.

Kandida akakalia kiti.

Majuma saba ya kwanza yalikuwa matamu kwake na machungu kwa Mkude. Mkewe alirudi nyumbani na habari za upepo, za abiria waliobishana na roboti ya tiketi, za kigari namba tisa kinacholalamika kwenye kona. Pete ya Mkude haikuwaka hata mara moja. Aliifuta vumbi. Alijaribu betri yake. Wanawake huvaa kanga isemayo wivu ni kidonda, ukiushiriki utakonda, na shemeji zake walianza kumwuliza kama anaumwa.

Juma la nane, Jumatano saa nne asubuhi, radi ilipiga mnara wa tatu. Umeme ukakatika kwa nukta moja, ukarudi. Vigari vyote vikasimama vyenyewe, kama vilivyotengenezwa kufanya, na meza ya Kandida ikazimika, ikaanza kuamka upya. Fundi alikuwa chini kwenye mota. Chumbani alikuwa peke yake.

Alingoja sauti. Alijua inapaswa kuja kwenye sekunde ya pili, au ya tano kwa mashine hizi mpya. Sekunde ya kumi ikapita, na ya ishirini. Alipapasa waya, ulikuwa mahali pake. Aliweka kiganja juu ya kisanduku, kilikuwa na joto, kwa hiyo mashine ilikuwa hai na inataka kitu. Kwenye zamu ya kumi na mbili ilikuwa imesimama na kuuliza swali kwa maandishi meupe, na kinenaji, kilichokuwa cha kumsomea swali hilo, kilikuwa bado kimelala foleni nyuma ya vingine ishirini na vinane. Kandida hakuyajua hayo. Alichojua ni kwamba kimya kimerudi, na kwamba watu mia na tisini wananing'inia kwenye mvua juu ya mabonde, na upepo wa Uluguru ukianza hauombi ruhusa.

Angeweza kubonyeza vitufe kwa kubahatisha. Ndiyo au hapana, moja kati ya hizo ingekuwa sahihi. Ile nyingine ingefungua breki kabla mota hazijashika. Alisubiri dakika nne, mikono mezani. Simu ya kigari namba ishirini na sita ilikuwa inalia, na kila alipoipokea alimsikia mwanamke akisali. Akaibonyeza pete.

Mkude alikuwa kikaoni pete ilipowaka. Moyo wake uliruka. Hilo ndilo alilokuja kulijutia kuliko namba yenyewe: kwamba kabla hajafikiri mvua, wala vigari, wala sharti la Lugendo, alifurahi. Alitoka nje ya kikao karibu akikimbia.

"Niko hapa, Kandi," alisema. Sauti yake ilikuwa laini, ya siku za uchumba.

"Nisomee."

"Imeandikwa: kumbukumbu ya vigari haikufungwa vizuri. Nirudishe ya mwisho iliyo salama? Ndiyo, hapana. Bonyeza ndiyo, mke wangu. Kitufe cha kushoto."

Alibonyeza. Mashine ikaendelea kuamka, zamu baada ya zamu. Kioo kikapata picha. Mara baada ya picha, Mkude akaisikia kupitia pete sauti tulivu ikisema: "Nimeamka. Kila kitu ni kizima. Kuna jambo unataka nikusomee?"

Kandida hakuijibu. Wala hakumshukuru Mkude. Alizirudishia mota nguvu, akavishusha vigari kimoja kimoja, na hakuna aliyeumia.

Barua ilikuja kesho yake. Bwana Lugendo aliileta kwa mkono wake mwenyewe hadi nyumbani, akaisoma kwa sauti akiwa amesimama, akakataa kiti. Aliandika kwamba anamsifu kwa kuokoa watu, na kwamba sharti ni sharti. Jumatatu Kandida alirudi dawati la abiria. Kiti alipewa msichana wa Kilosa kwa mkataba wa miaka mitatu.

Mkude siku hizo alikuwa mwema kupita kiasi. Alipika kambale wa nazi, alimpigia pasi nguo, alisema kila baada ya muda kwamba mashine ni mashine tu, haziaminiki. Mhando naye akapanda treni ya kasi akaja Morogoro. Alijua kilichotokea, na aliamini kosa ni lake, kwamba kuna mstari alioukosea. Alikaa sebuleni kwao na fimbo yake magotini, akamwomba Kandida msamaha. Kandida alimwambia, kumchokoza, kwamba Mzigua akishika kitu lazima kivunjike. Mhando hakurudisha utani. Mtani asiyerudisha utani ni kama msiba umeingia nyumbani, na Kandida alibaki na maneno yake hewani. Mhando alisema Watunza Kiini wana kikao Ijumaa, na kwamba jina lake litafutwa kwenye kiini na kinenaji kutolewa, na ni haki.

Mkude alikuwepo. Alimimina chai.

Kandida hakuwa mtu wa kulia juu ya jambo asilolielewa. Alipakua kiini chote, akavaa vipaza sauti vya masikioni, akakisikiliza. Watu wasioona waliozoea mashine husikiliza kwa kasi ambayo kwa wengine ni mlio wa nyuki. Alikisikiliza Jumatano yote baada ya kazi na Alhamisi yote. Hakupata kosa kwenye mistari ya Mhando. Alhamisi jioni akafikia orodha ya zamu.

Ijumaa asubuhi, Mkude alipokuwa akifunga vifungo vya shati, Kandida alisema akiwa mezani, bila kupandisha sauti:

"Kinenaji kiko zamu ya arobaini na moja."

Mkude alifunga kifungo kilichofuata.

"Kina jina lako."

"Kulikuwa na sababu za kitaalamu," alisema Mkude. "Uamkaji ungechelewa. Nimeiandika sababu pale."

"Nimeisikia. Nusu sekunde." Alivunja kipande cha muhogo, akakiacha kwenye sahani. "Mimi nilikaa dakika nne. Yule mama wa kigari ishirini na sita alikuwa anasali Salamu Maria, akifika katikati anasahau, anaanza upya. Mkude, ulijua mashine inaweza kukwama kabla ya arobaini na moja?"

Hapo angeweza kudanganya tena. Alikuwa na maneno tayari. Lakini mkewe alikuwa ameuelekeza uso wake pale pale alipokuwa amesimama, kama alivyokuwa akifanya kila alipotaka kusomewa kitu.

"Nilijua," alisema. "Niliona wivu. Ulikuwa hunihitaji tena. Mlikuwa mnacheka naye, halafu ile sauti ikawa inajua kila kitu kabla yangu. Nilitaka uniite. Hata mara moja moja tu. Sikutaka upoteze kiti, Kandi, naapa sikuwaza kiti."

"Kiti ndicho nilichokuwa nakizungumzia kila siku," alisema Kandida. "Ulikuwa unasikiliza nini?"

Sauti yake sasa ilikuwa imechoka, na uchovu huo ulimuumiza Mkude kuliko ukali wowote.

"Wewe ulidhani nakuita kwa sababu sioni. Wasioona ni wengi na hawana mume, wanaishi. Ningeweza kumbonyezea pete mtu yeyote mwenye macho. Nilikuita wewe kwa sababu ukisoma, nabonyeza. Siulizi mara mbili. Siku ile watu mia na tisini walikuwa hewani, ukasema kushoto, nikabonyeza kushoto."

Mkude alisema atakwenda kuwaambia wenzake ukweli. Kandida akamwambia hiyo ni kazi yake, si zawadi kwake.

Alikwenda. Tumpe haki yake, kwa kuwa angeweza kumwacha Mhando afutwe. Wote walikuwa wameshaandaa maneno ya kumfuta kwa upole. Mkude alisimama akaeleza namba aliyoiandika, uongo aliomwambia Mhando kwenye simu na wivu ulioyazaa yote mawili. Alitumia neno hilo hilo, wivu, mbele ya wahandisi sita, na mmoja wao akainamisha kichwa kama aliyeona mtu amevuliwa nguo. Walimwondoa kwenye mlango wa zamu siku hiyo hiyo. Kinenaji kikapandishwa hadi zamu ya tatu katika mashine zote za nchi, na wakaweka kanuni kwamba badiliko lolote la zamu lisipite kabla mtu asiyeona hajalijaribu kwa kuiharibu mashine makusudi.

Hata wakati anaeleza, wivu haukuwa umemtoka. Alimwona Mhando amekaa pale pembeni, jina lake limesafishwa, akafikiri kwamba Kandida leo atafurahi kwa ajili ya huyu. Kikao kilipokwisha alimfuata mlangoni, akasubiri atukanwe kiutani, aambiwe habari ya jembe na karoti. Angelipokea tusi lolote. Mhando alisimama, akamtolea mkono.

"Asante, Mhandisi Lukanda," alisema, akaenda zake kituo cha treni.

Kiti cha mshika meza hakikurudi. Bwana Lugendo alisikitika kwa dhati, akasema mkataba wa msichana wa Kilosa umeshasainiwa na msichana mwenyewe hana kosa. Kandida aombe tena baada ya miaka mitatu. Kandida alisema ataomba. Alirudi kujibu maswali ya mabegi, na jioni alisomea mitambo mipya ya mnara wa nne, mashine yake ikimsemesha tangu sekunde ya pili.

Hakumfukuza Mkude. Hakurudi kwao. Walikula pamoja, walikwenda kanisani pamoja, alimwuliza kama mvua inakuja na kama chumvi imetosha. Waliowatazama hawakuona tofauti, na sifa za Mkude ziliendelea mtaani kama kawaida, kwa kuwa Kandida hakumwambia mtu.

Mwezi wa tisa kikohozi kilimkamata Kandida. Zahanati walimpa chupa ya dawa ya maji, na nesi akaandika dozi kwa kalamu kwenye karatasi iliyobandikwa. Kandida aliiweka chupa mbele ya simu yake, yenye programu mpya ya kusoma karatasi. Simu ikasema kwa uaminifu: "Maandishi ya mkono. Sina hakika. Tafadhali mwulize mtu." Ilikuwa Jumamosi kabla ya chakula cha mchana. Mkude alikuwa amekaa kwenye kochi, hatua tatu kutoka hapo, akachomoa mikono mapajani na kujiandaa kunyanyuka.

Mlangoni palikuwa na jirani yao, Mama Fidea, aliyeleta ungo alioazima.

"Mama Fidea, karibu," alisema Kandida. "Hebu nisomee hapa nesi alivyoandika."

Mama Fidea alimtazama Mkude na macho yake mawili mazima, akamrudia Kandida.

"Mumeo si huyu hapa?"

"Yupo," alisema Kandida, na mkono wenye chupa ukabaki umenyooshwa kwa jirani.

Mama Fidea aliipokea. Miwani alikuwa ameiacha kwake, kwa hiyo akaisogeza chupa mbali na uso, akakunja macho. Akasema ni vijiko viwili, asubuhi na jioni.

Kutoka pale kwenye kochi Mkude aliona vizuri. Ilikuwa moja, nesi ameipa mkia mrefu chini.

"Ni kimoja," alisema. "Kijiko kimoja, Kandi. Ile ni moja yenye mkia."

Kandida hakugeuka.

"Mama Fidea, tafadhali nenda nayo hapo dirishani penye mwanga," alisema kwa adabu zake zote. "Niangalizie kama ni kimoja kweli."

Mama Fidea akaenda dirishani, na Mkude akakaa na mikono yake mapajani, akingoja kusikia kama alichokisema ni kweli.